Jani la isale tulilopeleka kituoni kumwombea shemeji yangu Twaha

Jumatatu, mwezi wa tano, mwaka 2003. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikakata kidogo, ukungu ukabaki umelala juu ya migomba. Ukisimama mlangoni kwetu Kibosho ulikuwa huoni hata zizi.

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Leo nimeamua kuweka hapa jambo lililotupata nyumbani. Shule yangu iliishia la saba, mtanivumilia kwenye mpangilio. Tangu ujana nina tabia ya kuandika yaliyopita kila siku, lakini hata hivyo siziamini sana kumbukumbu zangu. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema. Mengine yote yalitokea kama ninavyoyaandika.

Ni habari za ile miaka ya hofu ya ugaidi.

Dada yangu Anjela aliolewa Pasua, kule chini mjini, na jamaa anaitwa Twaha. Sisi ni Wakatoliki, Twaha ni Muislamu. Mwanzoni maneno yalikuwepo, siwezi kuficha. Mzee wetu hakutaka hata kumsikia.

Ila Mzee alipofariki, Twaha ndiye aliyeshika sururu akachimba kaburi kule kihambani, yaani kwenye shamba letu la ukoo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuanzia siku ile Mama akawa anamwita "mwanangu", na akaweka sheria yake mwenyewe: kuku wa nyumba ile hachinjwi na mtu mwingine ila Twaha, ili na yeye aweze kula.

Hata Krismasi, watu wamerudi kutoka Dar na magari yao, jogoo wanamsubiri Twaha apande kutoka Pasua.

Mdogo wangu Deo alikuwa anamtania, "Shemeji, bila wewe humu ndani tungekuwa tunakula majani kama mbuzi."

Twaha anamjibu, "Ndiyo maana nikaoa huku. Niliwaonea huruma."

Sasa twende kwenye ishu yenyewe.

Kazi ya Twaha ilikuwa kuuza mrututu. Kwa wasiolima kahawa, mrututu ni ile dawa ya unga wa bluu, unaichanganya na maji unapulizia mikahawa isishikwe na magonjwa wakati wa mvua. Zamani tulikuwa tunachukua kwenye chama cha ushirika. Soko huria lilipoingia kila mtu akawa anauza, na Twaha akajiongeza. Alikuwa anapanda na pikipiki yake, mifuko ya mrututu nyuma, pampu ya mgongoni juu yake, na vifaa vya kutengenezea pampu za watu zilizoharibika.

Jumatatu hiyo alisimamisha pikipiki kwenye uzio wa hoteli moja mjini wanayolala wazungu wapanda mlima. Akaingia msikiti wa jirani kuswali adhuhuri. Mlinzi wa hoteli akaona pikipiki haina mtu, mifuko ya unga, pampu, waya. Akapiga simu.

Niwe mkweli, mimi ningekuwa yule mlinzi ningepiga pia. Watu walishakufa kwa bomu pale ubalozini Dar mwaka 98, kila mtu alikuwa anakumbuka. Hofu ilikuwa ya kweli. Mpaka hapo mimi sina wa kumlaumu.

Twaha alitoka msikitini kandambili bado ziko mkononi.

Anjela alifika kwetu jioni, tope mpaka magotini.

"Twaha amechukuliwa."

Mama akamuuliza, "Na nani?"

"Sijui, Mama. Walivaa kiraia. Wanasema ni ugaidi."

Mama alicheka. Kweli alicheka. "Ugaidi? Twaha huyu anayemwogopa ng'ombe wangu?"

Alipoona Anjela hacheki, akakaa chini.

Kesho yake tukashuka kituoni. Sitakitaja, na majina ya watu wa pale sitayataja. Kaunta tulimkuta afande mmoja ambaye ukimsikia tu unajua ni wa Rombo, mtu wa mlima huu huu. Akamwamkia Mama kwa heshima zote. Ila akasema mtu huyo hayupo.

Tukarudi tena. Hayupo.

Tukarudi tena, ndipo akasema yupo, lakini haruhusiwi kuonana na mtu. Nikauliza kosa. Upelelezi unaendelea. Nikauliza mahakamani lini. Akasema, "Hii sheria ni nyingine, kaka. Hii mpya."

Wakili mmoja tuliyemwendea hakutupa hata kiti. Alisema kesi za namna hiyo yeye hagusi.

Mimi nilikuwa bado naamini tatizo ni kutokuelewana. Kwamba hawa waliomchukua wametoka mbali, hawajui kahawa, wameona unga wa bluu wakaogopa. Nikampata yule afande wa Rombo nje, anakunywa chai, nikamwambia polepole, "Afande, ule ni mrututu tu."

Aliangalia kikombe chake.

"Kaka, baba yangu ana kahawa. Mimi nimepulizia mrututu mpaka kucha zikawa za bluu. Unafikiri siujui?"

"Sasa mbona hamuwaambii?"

"Nimewaambia. Na wameupima. Wanajua ni nini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siyo suala la mrututu tena."

"Ni suala la nini sasa?"

Alimwaga chai iliyobaki akaingia ndani.

Wakuu, nilisimama pale mvua inaninyeshea nikasahau hata kujisogeza chini ya paa. Mtu akikushika kwa kutojua, utamwelimisha. Sasa huyu anayejua, na bado hakuachii, unamwambia nini? Nilikuwa mtu mzima na sikuwa nimewahi kujua kwamba kitu kama hicho kinawezekana hapa kwetu.

Nikamweleza Mama. Akasema, "Basi tupeleke isale."

Kwa wasiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani mwa kihamba. Kwetu ukimkosea mtu, hata iwe kosa zito la namna gani, ukimpelekea jani la isale hawezi kukukatalia. Akilipokea, yameisha. Nimeona ndugu waliogombea shamba miaka wakipatana kwa jani hilo.

Anjela akamuuliza, "Mama, unaomba msamaha wa nini? Twaha amekosa nini?"

Mama akamwambia, "Mimi sitafuti nani mwenye haki, Anjela. Mimi namtaka mtoto wangu nyumbani."

Hakuna aliyekuwa na wazo lingine. Tukaenda.

Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Alilifunga jani fundo kama inavyotakiwa, akaliweka juu ya kaunta. Yule afande wa Rombo alipoliona akasimama, akavua kofia. Hakuligusa. Nadhani alitaka kumwambia Mama kitu, ila sina uhakika, maana wakati huohuo alitoka mzee mmoja wa kiraia kutoka chumba cha ndani. Huyo hakuwa mtu wa huku.

"Hilo jani la nini?"

Afande akasema, "Ni mila za huku, mkuu. Mama anaomba yaishe."

"Anaomba nini hasa?"

Afande akasita. "Msamaha."

Yule mkuu akamgeukia Mama, kwa upole kabisa. "Msamaha wa kosa gani, mama?"

"Lolote alilowakosea, baba. Mimi ni mzazi wake, namwombea."

"Kwa hiyo unakubali kosa lipo."

"Nakubali, baba. Nani hana kosa?"

Akalichukua lile jani, akaingia nalo ndani.

Mama alitoka pale uso umechangamka. Njia nzima ananiambia, "Umeona? Amelipokea. Amelipokea kwa mkono wake mwenyewe." Alisali rozari ya shukrani. Alianza hata kunenepesha jogoo, anamtupia mahindi kila asubuhi, anasema huyu ni wa Twaha.

Twaha hakurudi wiki ile. Wala iliyofuata.

Masika yakaisha, baridi ikaingia, mikahawa yetu ikashikwa na ugonjwa kwa kukosa dawa. Mama bado anamtupia jogoo mahindi. Akawa anasema labda wanamalizia makaratasi.

Aliachiwa mwezi wa saba. Hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Walimshusha pembeni ya barabara Kiboriloni, wakamwambia nenda, ukihitajika utaitwa. Pikipiki hakupewa. Hakuna aliyemwambia kwa nini alikamatwa wala kwa nini ameachiwa.

Alijua Anjela yuko kwetu, akapanda Kibosho. Tulimwona anatokea kwenye migomba, amekonda, shati linamning'inia. Anjela alipiga kelele. Mama akakimbia kumkumbatia.

Twaha akasimama tu, mikono iko chini.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu! Marahaba!"

"Mama, naomba nikuulize kitu kabla sijaingia ndani. Ni wewe uliyepeleka isale?"

"Ni mimi, mwanangu. Walilipokea."

"Waliniwekea mezani." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu anayesoma. "Wakaniambia, unalijua hili? Nikasema nalijua, nimeoa kwa watu wa isale. Wakasema, amelileta mama mkwe wako. Amekubali kosa mbele ya askari wetu. Watu wako wamekubali, wewe unakataa nini?"

Mama akashika mdomo.

"Walikuwa wananifunga mikono kwa nyuma, Mama, wanainyanyua. Mimi najisemea, wafanye tu, nyumbani wananijua. Hicho ndicho kilichokuwa kinanishikilia. Siku waliyoniletea jani, nikasema basi. Hata kule wameamini."

"Yelewii," Mama akasema. Hilo tu. Akageuka akatokomea kwenye migomba.

Tulibaki tumesimama, hakuna anayemwangalia mwenzake. Mimi nilifikiri amekwenda kulia. Akarudi na jani bichi, amelikata mpakani. Akalifunga fundo. Akapiga magoti pale kwenye majani yenye maji mbele ya mkwe wake.

Wakuu, kwetu mama mkwe hapigi magoti kwa mkwe. Sijaona kabla wala baada.

"Lile nililipeleka kwa watu tusiowakosea," alisema. "Hili ni la kwako. Wewe ndiye niliyekukosea."

"Mama, inuka."

"Pokea kwanza."

Akalipokea. Alilibana kwa viganja viwili, vidole havikukunjika. Kisha akampa Mama kiwiko ashikilie, wakainuka pamoja.

Sasa niseme ya moyoni, ila kwa haki.

Yule afande wa Rombo, Twaha mwenyewe alituambia kwamba alikuwa anampitishia chai kwa siri, na alimpa koti lake baridi ilipozidi. Mungu ambariki huko aliko. Na inawezekana kabisa wakubwa wake walikuwa na taarifa nyingine sisi hatuzijui. Nimejiuliza hilo mara nyingi, maana mimi ni nani, mtu wa la saba, nijue mambo ya usalama? Lakini kama walikuwa nazo, mbona hawakuzipeleka kwa hakimu? Hapo ndipo kila siku nafika nakwama.

Sisemi serikali isilinde watu. Ninachosema ni kwamba ilimchukua mtu asiye na kosa, ikajua hana kosa, ikaendelea kumshika kwa sababu sheria mpya ilikuwa imeipa nafasi hiyo. Halafu ikachukua kitu tunachopatania ndugu kwa ndugu, ikamtesa nacho.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wako akishikwa, usiende kuomba msamaha. Uliza kosa. Uliza tena kosa, mpaka litajwe. Mila zetu zimetengenezwa kwa ajili ya mtu na mtu mwenzake, mtu mwenye uso, ambaye kesho mtakutana sokoni. Kaunta haina uso huo.

Wanasheria mliomo humu, mnisaidie: mtu kama Twaha alikuwa na haki gani siku ile? Na waliopitia yanayofanana waseme. Hata askari mkiwemo karibuni, mimi sitamtukana mtu.

Nimalizie na jioni ile aliyorudi.

Deo alimfunga yule jogoo mguu kwenye mgomba, akaleta kisu na maji. Akajaribu utani wake wa siku zote. "Shemeji, tumekula majani kweli safari hii."

Twaha akacheka kidogo. Akanawa. Akataja jina la Mungu, akashika kisu, kikamponyoka kikaanguka kwenye majani. Akakiokota, akajaribu mkono wa kushoto. Nao haukuwa na nguvu. Jogoo katulia tu, Deo amemshikilia, wote tunasubiri.

Akajaribu tena.

Anjela akasema, "Acha, baba Zuhura. Acha."

Deo angeweza kumchinja. Hata mimi ningeweza. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama akaenda akamfungua jogoo kamba, akamwachia. Akaingia jikoni, akabandika chungu.

Usiku ule tulikula kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, wote kutoka sinia moja, na Anjela akawa anamlisha mume wake kwa kijiko.