Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Miaka ishirini na miwili Nangila alimpikia Hansa, mjane wa Kihindu pale Kitale, na kila alfajiri alimsikia akiomba jambo lilelile: akifa, asizaliwe tena. "Nimechoka kurudirudi duniani, Nangila. Safari hii niachiliwe."

Hansa alifariki mwezi wa tatu.

Mwezi uliofuata, huko Sirisia, mjukuu mchanga wa Nangila alilia siku tatu mfululizo. Desturi ya kwao ni kumwitia mtoto majina ya marehemu. Akinyamaza, basi aliyetajwa ndiye amerudi. Waliita mababu wote, wapi! Nangila alikuwa hoi, jina la Hansa likamponyoka mdomoni.

Mtoto akanyamaza palepale, akanyonya.

Nyumba nzima ikapiga vigelegele, isipokuwa Nangila. Alimpakata mtoto, akamnong'oneza, "Nisamehe, mama. Ni mimi nimekuita."