Kioo cha Jeep Nyeupe

Kioo cha ndani cha jeep nyeupe, kile cha dereva kutazamia nyuma, kilikwenda wapi? Swali hilo lilinishinda, mimi niliyekuwa nimesoma falsafa miaka miwili Lubumbashi, mpaka chuo kilipofungwa nikarudi nyumbani Kolwezi na majibu ya maswali ambayo hakuna mtu aliyeyauliza.

Ulikuwa mwaka wa kufukuzwa. Sisi wenye asili ya Kasai tuliambiwa tutoke Katanga, turudi kwetu. Kwetu nilikokujua mimi ni nyumba ya kampuni pale mtaa wa Dilala, yenye mlango wa kijani na bomba linalovuja, nyumba niliyozaliwa ndani yake. Migodi ilikuwa inasimama mmoja baada ya mwingine, na baba, karani wa depo ya vipuri, alikuwa ameambiwa asirudi kazini. Familia nyingi zilihamia kituo cha treni, zikalala juu ya mizigo yao zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Kila mara tulisikia habari ya mtoto au ya mzee aliyefia pale. Baba akaapa kwamba hakuna mtu wake atakayelala kituoni. Akaanza kutafuta gari.

Lakini hakusema ni gari la kuondokea. Katika nyumba yetu neno hilo halikutamkwa.

"Ni motokari ya kila siku," alisema. "Batoto kwenda masomo, mama kwenda soko, sisi wote kwenda misa."

"Masomo imefungwa, tata," nilimwambia. "Na soko iko karibu, tunaenda kwa miguu."

"Na misa?"

"Misa iko karibu kuliko soko."

"Basi tutafika mbele ya wengine."

Mkandarasi mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga biashara arudi kwao alikuwa na jeep mbili ndogo. Alimwamini baba, akatuachia zote mbili uani mpaka Jumapili ili tuchague moja. Zilitoka kiwanda kimoja. Kila moja ilikuwa na milango miwili, na mlango wa nyuma uliobeba gurudumu la akiba. Vioo vya pembeni vilikuwa vimenyofolewa kwenye zote mbili siku za uporaji. Moja ilikuwa nyeupe, nyingine ya kijivu. Tofauti nyingine niliyoiona ni dirisha la nyuma: la jeep nyeupe lilikuwa safi, na la kijivu lilizibwa kwa plastiki ngumu iliyopauka, huwezi kuona hata mbuzi kupitia kwake.

Baba alizipima siku nzima. Alikaa ndani ya moja, akashuka, akakaa ndani ya nyingine, akarudi ya kwanza kama mtu aliyesahau kofia. Alipiga magurudumu mateke. Alipenda ile ya kijivu kwa sababu iliwaka haraka. Halafu alipenda nyeupe kwa sababu, alisema, ilikuwa na heshima.

"Motokari inakuwa na heshima namna gani, tata?"

"Haipigi kelele mbele ya wakubwa. Si kama bamoja benye kutoka chuo."

Jirani yetu alichungulia juu ya ua. Alikuwa mwenyeji wa kaskazini ya Katanga, na kwa miaka mingi alikuwa akiazima chumvi yetu.

"Mama wa batoto! Majeep mbili? Munafungua garage?"

"Tunachagua moja tu," mama alijibu. "Ya kwenda nayo soko."

"Soko ya wapi iko mbali vile?"

Mama akaendelea kuanika nguo. Jirani naye akapitisha bakuli la chumvi juu ya ua. Ilikuwa mara ya kwanza chumvi kusafiri kuja upande wetu.

Shida haikuwa jeep. Shida ilikuwa kaku. Kaku ni bibi yangu, mama wa mama, na kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake wanaoneana haya. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwa miaka yote kaku aliyokaa nasi, baba alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, ili kaku apate nafasi ya kupitia mlango wa jikoni. Kama walikuwa na la kuambiana, walimpitishia mtoto. Nimekua nikiwa simu.

"Haya hiyo haina mwisho?" nilimuuliza mama.

"Ina mwisho. Mkwe anatoa mbuzi, mnaita wakubwa wa ukoo, haya inaondoka."

"Basi tata atoe mbuzi leo."

"Wakubwa wako wapi?"

Wakubwa wa ukoo walikuwa Kasai. Yaani, ili kaku apande gari moja na baba kwenda Kasai, ilibidi kwanza afike Kasai. Niliwaeleza wote kosa la hoja hiyo, kwa hatua zake, kama nilivyofundishwa. Mdogo wangu wa kike akasinzia. Kaku alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mama, "Mwambie mwalimu wenu bukari inaungua kwa sufuria."

Ijumaa tulijaribu jeep ya kijivu. Kaku alikaa kiti cha nyuma, kitenge kimemfunika kichwa, katikati ya wadogo zangu. Mama alikaa mbele, nami nikajibana nyuma kabisa, mahali pa mizigo. Baba aligeuza kioo cha ndani kikatazama paa. Tukaondoka kwa heshima kubwa.

"Mwambie baba yako kuna shimo," alisema kaku.

"Tata, kaku anasema kuna..."

Tukaingia kwenye shimo.

"Mwambie asante, nimeliona," alisema baba.

Mbele ya parokia kamio, lori la mizigo, lilipiga honi nyuma yetu. Baba alikuwa amezoea kuendesha magari ya depo, na mkono wake ulifanya kazi kabla ya akili. Akakishusha kile kioo cha ndani atazame nyuma. Wakati huohuo shimo la pili lilikuwa limefungua kitenge. Macho ya baba na macho ya kaku yakakutana ndani ya kile kioo kidogo, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Baba akafunga breki. Kaku akapiga kelele ya chini, akamsukuma mama, akapita juu ya kiti chake, akashuka. Baba aliinamisha uso juu ya usukani kwa aibu, na honi ikalia. Watu waliotoka kusali walimwona mzee wa watu akikimbia na viatu mkononi, huku mkwe wake akimpigia honi.

Jioni kaku alinituma kwa baba, aliyekuwa hatua chache tu kutoka kwake, nyuma ya mlango.

"Mwambie mi nitaenda na treni. Nitangoja pale kituo na wengine."

Hakuna aliyecheka tena. Baba alitoka akaenda kusimama kati ya zile jeep mbili, mkono mmoja juu ya hii na mwingine juu ya ile.

Jumamosi asubuhi jeep nyeupe haikuwa na kioo cha ndani. Yalibaki matundu mawili ya skrubu. Tulitafuta chini ya viti. Tuliwahoji wadogo zangu, ambao siku hiyo walikuwa na kesi nyingine pia, kwa sababu ncha ya kisu cha sombe, kile cha kukatia majani ya muhogo, ilikuwa imekatika na mama alikuwa akiwalaumu. Mimi nikatoa nadharia zangu: mwizi (lakini mwizi gani anaacha betri?), mkandarasi aliyebadili mawazo, hata baba mwenyewe. Kaku alikuwa ameketi kwenye ngazi akitwanga sombe, na aliniambia nadharia zote ni nzuri.

"Sasa imekuwa rahisi," nilisema. "Nyeupe ni kipofu. Tuchukue ya kijivu."

Baba aliingia ndani ya nyeupe akaketi. Alitazama pale kioo kilipokuwa. Kisha akageuka, akatazama lile dirisha safi la nyuma, na mahali pa mizigo chini yake.

"Mwambie kaku," alisema taratibu, "motokari hii haina macho ya nyuma. Mi siwezi kuiendesha kama hakuna mtu wa kukaa kule, mugongo kwangu, na kutazama barabara. Batoto hawajui. Inataka mutu mukubwa."

Nilimwambia. Kaku alitwanga kidogo.

"Muulize kama kazi hiyo ina muto wa kukalia."

"Ina mito miwili," alisema baba kabla sijauliza.

Jumapili mkandarasi aliondoka na jeep ya kijivu, akishangaa watu waliochagua ile yenye kasoro. Siku chache baadaye tulifunga mlango wa kijani tukashika njia ya Lubudi kuelekea Kasai. Kaku alikaa nyuma juu ya mito yake, kaipa barabara ya mbele kisogo, uso umeelekea tulikotoka. Baba hakuacha kuuliza.

"Muulize kaku nyuma kuna nini."

"Mwambie kuna kamio. Aache lipite."

Baadaye tena: "Muulize kuna nini."

"Mwambie kuna Kolwezi bado."

Na baadaye: "Mwambie kuna vumbi."

Baba hakuuliza tena mpaka Lubudi.

Tulipofika Kasai mbuzi alitolewa mbele ya wakubwa. Kaku aliinua kitenge, akamtazama baba usoni kwa utulivu, akasema, "Kumbe umezeeka."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tulipomzika, mama alifungua sanduku lake la bati, na ndani ya kitambaa cha kichwa tukakuta kioo kidogo cha gari, skrubu mbili, na ncha ya kisu cha sombe.