Saba Kwenye Rozari

Jumatano ya kwanza ya Juni tulimzika mume wangu hapa Kanazi. Aliacha gazetini sudoku, fumbo la kupanga namba moja hadi tisa, haijaisha, ile ya majedwali matano yaliyoshikana pembe. Mimi niliyeishia darasa la saba nilitaka kujua alikwama wapi.

Jumuiya ilipokuja kusali rozari, nililificha lile gazeti ndani ya kitabu cha nyimbo. Katika jedwali la kati, mistari miwili ilikuwa na nafasi mbilimbili tu za saba, kwenye safu zilezile. Basi saba haikuweza kukaa kwingine katika safu hizo, hata kwenye pembe linayochangia na jedwali jirani!

“Tendo la nne utuongoze wewe, mama,” akasema katekista.

Nikainua uso. “Saba haikai pembeni!” nikatamka kwa sauti ya sala.

Watu kwa mazoea wakaitikia, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu…” kisha wakageuka kunitazama.

Wifi akaninyang'anya kitabu, gazeti likaanguka. “Udongo wa kaburi la kaka bado mbichi, wewe unacheza?”

Mama mkwe, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi, akaliokota, akautazama mwandiko wa mwanawe.

“Sasa hiyo saba inakaa wapi, mwanangu?”