Balungi juu ya kidonge: muuza juisi ashusha pumzi

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hajakata tunda la kwanza, Mama Ndimu anamkazia macho mteja aliyeagiza juisi ya balungi. "Unatumia kidonge chochote, kaka? Cha presha? Cha mafuta?"

Mteja anacheka, anauliza kama siku hizi juisi inauzwa kwa cheti cha daktari.

"Jibu kwanza, kicheko baadaye," anasema mama huyu, kisu mkononi. Mteja hatumii kitu. Anapata glasi yake.

Mama Ndimu, kama wateja walivyombatiza, ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hiki cha mbao mkabala na lango la soko. Kwa siku hukamua machungwa kama mia mbili, bado ndimu na mabalungi. Vidole vimechubuka kwa maji ya ndimu, naye wala hajali. Kilichomnyima usingizi ni miguu ya mumewe.

Mumewe ni fundi rangi, mtu wa ngazi na madari. Mwaka jana vipimo vilionyesha mafuta yamezidi kwenye damu, akaandikiwa kidonge cha kila jioni. Siku hizohizo mteja mmoja alimsomea Mama Ndimu kwenye simu kwamba machungwa na jamii yake yana viambato vinavyosaidia mwili kuchoma mafuta.

"Nikasema, kumbe dawa ninayo mwenyewe! Mume wangu ateseke na mimi nimeikalia?" anasimulia. "Nikawa namkamulia balungi, glasi mbili asubuhi, moja jioni. Hiyo ya jioni ndiyo anasukumia kidonge."

Wiki ya tatu fundi akaanza kulalamika mapaja. Mkewe akaamini ni mafuta yanatoka, akaongeza glasi. Wiki ya tano mkojo ukawa na rangi ya chai isiyo na maziwa, na ngazi haipandiki tena.

"Nilidhani uzee," anasema mumewe, mtu wa maneno machache. "Mke anakupa juisi kwa mapenzi yote yale, utaanzaje kuishuku?"

Aliyegundua ni binti mfamasia wa duka la dawa la jirani, aliyefuata juisi akamkuta mzee anajikokota. Aliuliza maswali mawili tu, akamwahisha hospitali. Balungi huzuia mwili kuvunjavunja baadhi ya dawa za mafuta. Kwa fundi dawa ililundikana, misuli ikaharibika, na figo nazo zikaingia hatarini.

"Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, nikalikamua kabisa," anasema Mama Ndimu. "Siku mbili za kusubiri majibu ya figo, kibanda hata sikukifungua."

Majibu yakatoka: figo salama. Mama Ndimu alikaa chini pale pale sakafuni, akalia, akacheka, akamkumbatia muuguzi asiyemjua.

Na yale aliyosomewa? Mtaalamu wa lishe aliyemhudumia mzee anasema si uongo, ila yametiwa chumvi. Viambato hivyo vimeonyesha matokeo mazuri kwa panya. Kwa binadamu, majaribio mengi ni madogo, ya wiki chache, na majibu yanapishana.

"Tunda ni chakula kizuri, tule," anasema. "Lakini panya wa maabara hana kidonge cha jioni."

Miezi minne imepita. Fundi amebadilishiwa dawa, maumivu yamekwisha, na balungi analitazama kwa mbali kama mtu aliyekosana na mkwewe. Jumatatu anarudi kazini, kupaka rangi shule ya ghorofa mbili. Mama Ndimu atafunga kibanda nusu siku, aende akasimame chini ya ngazi.

"Kupanda atapanda tu, ubishi wake naujua," anasema. "Mimi nataka nimwone anashuka mwenyewe, bila kushikwa mkono."