Hotuba Isiyo na However

Mzee Wabwire wa Masese alikuwa na neno moja la Kiingereza alilolijua kuliko watu wengine wanavyowajua wake zao, nalo ni "however". Maneno mengine alikuwa nayo ya kutosha, ya kuulizia njia na ya kununulia vipuri, maana aliendesha lori miaka mingi kwenye barabara ya Kenya. Lakini hayo aliyaazima tu. However ilikuwa yake.

Aliipata kiwandani, Jinja, alipokuwa kijana wa kubeba katoni za sabuni. Msimamizi wao alikuwa Mhindi mmoja mpole, Bwana Hasmukh, na kila Jumamosi asubuhi Bwana Hasmukh alipanda juu ya kreti akawahutubia. Alianza kwa sifa. Sabuni ni nzuri, wafanyakazi ni hodari, kampuni inashukuru. Watu walitulia wakitazama viatu vyao. Kisha alinyamaza kidogo, akasema "However," akanyamaza tena, na hapo hata wasiojua Kiingereza walivuta pumzi. Walishajua kwamba yaliyotangulia ni mapambo, na habari yenyewe ndiyo inakuja. Saa za kazi zimeongezwa. Chai imepunguzwa sukari.

Wabwire alikuwa ameachia shule darasa la nne, lakini akaanza kulifuatilia neno lile kama mtu anayefuatilia ng'ombe aliyeingia shambani mwake. Akaona lina viti vitatu. Cha kwanza ni mwanzoni, baada ya nukta, na likishakaa hapo lazima umwachie msikilizaji nafasi ameze mate. Cha pili ni katikati, limebanwa na mikato miwili: "The rice, however, is burnt." Hapo halitishi. Linakohoa tu kidogo, halafu unaambiwa wali umeungua. Cha tatu ni mwishoni kabisa, na hicho ndicho cha ajabu. Siku moja Bwana Hasmukh alitangaza kwamba kiwanda kinafungwa, kila mtu aende nyumbani. Watu wakapiga mayowe, nusu yao wakatoka nje wakilia. "You will come back on Monday, however," akamalizia, yaani Jumatatu warudi, na waliosikia ni wale waliobaki ndani. Wengine ilibidi watafutwe majumbani.

Bwana Hasmukh ndiye pia aliyemwonya asiliweke pamoja na "but". "Ukitumia moja, Wabwire, ingine napumzika," alimwambia, na Wabwire hakulisahau hilo.

Lori lilipomshinda mgongo, akawa msemaji. Pande hizi kijana akienda kujitambulisha kwa wakwe haendi na mdomo wake mwenyewe. Anakwenda na mtu mzima wa kumsemea. Na kwa kuwa mkwe anaweza kuwa Msoga, au Mgisu, au Mjaluo, na Kiswahili wazee wengi bado wanakisikia kama amri ya askari, hotuba hutolewa kwa Kiingereza. Kiingereza ni cha heshima. Kiswahili hufuata nyuma, cha kuelewana.

Hotuba ya Wabwire ilikuwa na mtindo mmoja: sifa nyingi, halafu however, halafu kasoro moja ya kweli. Aliona kijana asiyetajwa kasoro ni kama hajatajwa. Watu wakamwita Mzee However, naye akaitika. Mara moja tu mtindo ule ulimletea balaa, kule Buwenge, alipomsemea kijana wa jirani anayeitwa Bruhan. Alisema Bruhan ana adabu, ana bidii, anamcha Mungu. "However, harudishi vitu anavyoazima." Baba wa binti akageuka polepole, akakumbuka pampu yake ya baiskeli. Ndoa ikasimama mpaka pampu ilipopatikana.

Kwa sababu hiyo dada yake, Orpah, alimwita mapema wiki ile ya safari ya Mbale. Wabwire alimkuta anageuza mukene juani, wale samaki wadogo anaowauza pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga.

"Kaka," alisema bila kuinua kichwa, "Jumamosi tunampeleka Griffin kwa kina Janepher, Namatala, kule Mbale. Hiyo however yako utaiacha hapa Masese."

"Haili chakula. Naweza kuibeba."

"Utaiacha. Nitakutunzia."

Wabwire alijua dada yake anaogopa nini. Griffin, mwanawe Orpah, alikuwa na mtoto wa kike, Ivy, aliyezaliwa kabla hajamjua Janepher. Mama wa mtoto aliolewa kwingine, na Ivy akabaki kwa bibi yake, Orpah mwenyewe.

"Wakijua kuna mtoto, watasema tunatafuta yaya, si mke," Orpah alisema.

"Janepher mwenyewe si anajua?"

"Janepher haozwi na Janepher. Anaozwa na wazee wake."

"Na siku wazee wakijua?"

"Watakuwa wameshakula mbuzi wetu."

"Orpah."

"Niahidi, kaka. Umeona kijana anavyoshinda anaoga kabla ya kwenda kumwona yule binti. Akimkosa, atazeekea hapa akinisaidia kugeuza samaki."

Wabwire akaahidi.

Jumamosi wakaenda kwa pikapu ya samaki, iliyooshwa kwa sabuni mpaka ikabadilika rangi. Ilibadilika rangi, harufu haikubadilika. Walipofika Namatala, chini ya hema lililofungwa uani, shangazi wawili wa binti walisogeza viti vyao nyuma kidogo, kwa adabu. Griffin alikuwa ndani ya suti, midomo imemkauka. Janepher alikuwa nyumbani mwao, nyuma ya pazia la dirisha, kama inavyotakiwa.

Upande wa wenyeji msemaji alikuwa baba yake mdogo Janepher, Gordon, askari magereza mstaafu ambaye hata mke wake humwita Afande. Aliwakaribisha kwa Kiingereza kifupi, akakaa, akaweka mikono magotini.

Wabwire akasimama. Alimsifu Griffin. Alisifu mtumbwi wake wa uvuvi, ukweli wake, heshima yake kwa mama. Lakini alikuwa amezoea however impe mahali pa kusimamia, na sasa haikuwapo, akajikuta anateremka mlima bila breki. Akasifu meno ya Griffin. Akasifu marehemu babu yake, ambaye Wabwire hakuelewana naye. Akasifu barabara ya Mbale. Mwishowe akakaa chini tu, katikati ya sifa nyingine.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mzee Wabwire," Gordon aliita, sasa kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Naam, Afande."

"Endelea."

"Nimemaliza."

"Hapana, wewe bado. However iko wapi?"

"Leo haipo, Afande."

"Padri nasema however. Daktari nasema. Mwalimu mkuu nasema. Hata mheshimiwa akija kuomba kura, nasema. Wewe Mzee However mwenyewe, habari yako ilifika mpaka hapa, leo hapana sema. Kwa nini?"

"Labda ni kubwa mno, imekwama mlangoni!" shangazi mmoja alidakia, na hema zima likacheka. Kisha likaacha kucheka lote kwa pamoja, na kila mtu akamtazama Griffin upya, kuanzia kichwani.

Wasichana waliokuwa wanaleta malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyopikwa kwa karanga, waligeuka wakayarudisha jikoni. Wabwire aliyaona yakienda. Akasimama tena.

"However," alisema, akaacha nafasi, "Griffin anakoroma."

Gordon aliipima. "Hiyo kidogo," alisema. "Sifa yako ilijaa lori. Sasa nafungua lori, ndani napata kikapu moja?"

Wabwire alimtazama dada yake. Orpah alikuwa anatazama chini. Alikuwa amemwahidi, na ahadi ya dada si kitu cha kuvunjia mbele ya wakwe, akakaa. Griffin alitaka kusimama, mjomba wake akamshika koti.

"Basi," alisema Gordon, "sisi nakwenda nyuma ya nyumba, nazungumza."

Kila mtu anajua maana ya kwenda nyuma ya nyumba. Watu hurudi kutoka huko wakiwa na sura za kanisani, na wageni hupewa soda za kunywea njiani. Gordon alikuwa ameshanyanyua nusu ya mwili kitini Orpah aliposimama. Hakujua Kiingereza, na katika shughuli za namna hii kina mama wa upande wa kijana hawasemi.

"However," alisema Orpah.

Akanyamaza. Alikuwa amemsikia kaka yake maisha yake yote, akajua urefu wa kunyamaza kwenyewe. Gordon akarudi kitini.

"Kuna mtoto," Orpah aliendelea kwa Kiswahili. "Anaitwa Ivy. Ni wa Griffin, mama yake ameolewa kwingine, nimemlea mimi. Kaka yangu alitaka kuwaambia, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Mkitaka kukasirika, kasirikeni upande huu wa hema, yule mwacheni."

"Janepher anajua, wazee wangu," alisema Griffin.

"Kwani Griffin akija naye mjini, nani anamsuka nywele?" sauti ilitoka dirishani. "Ni mimi!" Shangazi mmoja aliinuka akaenda kulivuta pazia.

Gordon alitikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyepewa nati inayoingia. "Sasa hiyo," alisema, "hiyo ndiyo however."

Hata hivyo Gordon na wazee wenzake walikwenda nyuma ya nyumba. Walikaa huko. Griffin alikunja kitambaa chake, akakikunjua. Wabwire alimwambia dada yake kwamba ameivunja mila ya shughuli, Orpah akamwambia anyamaze, akanyamaza. Kutoka jikoni harufu ya karanga ilikuja mpaka kwenye hema, ikapita, ikaenda kwa majirani.

Waliporudi, Gordon alisimama na Kiingereza chake. Alisema wageni wamekuja kwa heshima. Alisema amesikia mama mwenye kinywa safi, na kinywa cha namna hiyo si cha kila nyumba. Alisema Griffin ana meno mazuri kweli. "However," alisema, na Orpah akashika goti la kaka yake kwa kucha.

"Mtoto hapana shida," Gordon aliendelea kwa Kiswahili. "Mtoto iletwe, tuione. Shida ni ingine. Janepher hapana kula samaki. Tangu mdogo. Nasikia harufu tu, natapika. Na sisi pia tulitaka kuficha, sababu nyinyi ni watu wa samaki, tuliogopa mtakataa. Ndiyo hiyo. Nimemaliza."

Wabwire alimgeukia mpwa wake. Griffin alikuwa ananuka sabuni, kama alivyonuka kila siku tangu alipompata yule binti, na sasa alikuwa anatazama nguzo ya hema. Alijua siku zote.

Orpah alisimama kwa shida. Habari ya mtoto ilikuwa imemtoka kama mwiba; hii ilikuwa inaingia.

"Hata mukene?" aliuliza.

"Hata mukene."

"Wakavu?"

"Wakavu ndiyo mbaya zaidi, mama."

Alinusa viganja vyake, kimoja baada ya kingine. Wabwire hakuwahi kumwona hivyo, hata walipomzika mume wake, maana siku ile angalau kulikuwa na watu wa kulisha.

"Nyumba yangu ni ya samaki," Orpah alisema mwishowe. "Samaki ndio waliomsomesha huyu kijana. Blanketi langu linanuka samaki, paka wangu ni wa samaki. Mtu asiyeweza kusikia harufu ya samaki hawezi kuingia mlango wangu, hata akiwa malaika."

Akaketi. Shangazi walianza kunong'ona, na Griffin akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai. Gordon alikuwa anajiandaa kusimama, polepole, kwa sura ya kanisani.

"Tutamjengea jiko lake, mbali na langu, however," alisema Orpah kutoka kitini.

Neno lilikuwa limekaa kwenye kiti cha tatu, na bahati nzuri hakuna aliyekuwa ameshatoka nje. Wabwire peke yake ndiye aliyeona jinsi lilivyowekwa. Wengine waliona malewa yanarudi kutoka jikoni, wakapiga makofi.

Mwezi uliofuata Ivy alipelekwa Namatala kuonwa, nywele zimesukwa. Akaonwa. Alisalimia wazee wote mmoja mmoja, akakaa alipoonyeshwa, akala kila alichowekewa isipokuwa malewa, ambayo aliyatema kwenye kiganja cha Afande Gordon. Gordon alimtazama Wabwire.

"Hii hamkusema," alisema.

"Hatukujua, Afande," alisema Wabwire, na ilikuwa kweli.

Gordon akatafuta mahali pa kunawa.