Kocha Aliyekuwa Haoni Mpira

Iko siku moja ya vuli ninayoikumbuka kuliko siku zote nilizoishi hapa Toronto. Nilikuwa kijana, mwanafunzi wa chuo, na tulikuwa kwenye kiwanja cha gofu kaskazini mwa jiji tukifanya mazoezi. Mwenzangu Marko aliupiga mpira. Sote tuliuona ukipaa, ukapinda kushoto, ukatumbukia katikati ya bwawa. Kocha wetu, Raymond, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akapiga makofi.

"Safi sana, Marko," akasema. "Hapo hapo."

Vijana wakacheka chini chini. Mimi niligeuka nikamtazama.

Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu wiki jana uliniambia kuwa umechaguliwa kutoa maoni juu ya kocha wenu mkongwe, kama aendelee au aondoke. Nilipokuuliza mtampimaje, ukanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yenu mliozaliwa huku, kwamba ni maswali machache tu na hayachukui muda. Nikaaga mapema. Mama yako alidhani mimi mjomba wako nimechoka. Sikuwa nimechoka.

Gofu niliijua tangu nyumbani Kericho, kwani babu yako alikuwa akikata nyasi kwenye kiwanja cha mashamba ya chai. Nilipofika huku nikaenda kujaribu bahati kwenye timu ya chuo, na Raymond akanipokea. Alikuwa mtu wa Trinidad, mrefu, mpole wa sauti, na alikuwa amefundisha pale tangu kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Alikuwa akikutazama ukipiga mara moja tu, akakwambia kidole gani kimelegea. Wazee husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Wachezaji wote wazuri waliopita chuo kile, yeye ndiye aliyewaunda.

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa kwanza, baba alifariki. Sikuweza kwenda kumzika. Nililala kitandani nikigeukia ukuta, masomo nikayaacha. Sijui nani alimwambia Raymond. Alikuja na koti lake zito, akanivisha kama mtoto, akaniendesha mpaka kwenye kiwanja kilichokuwa kimefungwa kwa theluji. Tukatembea toka shimo la kwanza mpaka la mwisho, theluji ikitufika magotini, bila neno. Tulipomaliza aliniambia, "Sasa umemsindikiza." Nililia pale mpaka nikaishiwa nguvu, naye akasimama kando akinisubiri. Sijapata kusindikizwa hivyo na mtu mwingine, hata wa damu yangu.

Sasa elewa ni mtu gani ninayekusimulia habari zake.

Baada ya siku ile ya bwawa nilianza kumchunguza. Nikagundua kuwa kila mpira kwake ulikuwa safi. Marekebisho hayakuwepo tena, ni sifa tupu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tulikuwa tukishindwa kila tulikokwenda. Mwanzoni vijana walisema mzee amechoka, hajali tena. Nilijua si uvivu. Macho yake yalikuwa yanakufa, naye alikuwa akiyaficha.

Hilo la mpira lingevumilika. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la timu. Jumamosi moja tukirudi kutoka mashindanoni, tukishuka na barabara ya Bathurst, nilikuwa nimekaa mbele kando yake. Taa ikawa nyekundu. Hakupunguza mwendo. Mama mmoja alikuwa akivuka, anasukuma kigari cha mtoto mchanga. Nilimshika Raymond mkono nikapaza sauti, akakanyaga breki, tukasimama karibu na yule mama kiasi kwamba niliona chozi likimtoka. Raymond akasema kwa mzaha kwamba jua lilimpiga usoni. Siku ile mbingu ilikuwa ya kijivu toka asubuhi.

Nilikwenda kwa shangazi yangu Rael, dada yake baba, ambaye alikuwa muuguzi na aliishi ghorofani kule North York. Nilimweleza yote tukiwa tunakula. Akaniuliza kama wenzangu wanajua. Nikamwambia wote wanajua, ndiyo maana wanacheka. Akaacha kula.

"Na yeye mwenyewe, nani amemwambia?"

Nikamjibu kwamba ni mtu mzima, na kwetu mkubwa haambiwi aibu yake.

"Basi nyinyi mnamsengenya tu, hata kama mnasema kweli," alisema. "Nenda kwake kabla hujaenda kwa mtu mwingine. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, lakini asiue mtoto wa mtu."

Nikaenda. Nilimkuta kwenye chumba cha mazoezi, anakusanya mipira kwa kuipapasa. Nilimwambia kwa maneno machache kama nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukana. Alisema daktari alishamweleza kuwa ugonjwa ule hauna kurudi nyuma. Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka michache nyuma, na binti yake alikuwa mkoa wa mbali. Kilichobaki mkononi mwake ni sisi.

"Niachie msimu huu mmoja," akaniambia.

Nikamsihi basi angalau gari aendeshe mwingine. Akatikisa kichwa. Alisema siku atakayotoa funguo, wataanza kuuliza, na wakiuliza, yamekwisha. Mwanangu, mimi ni mtu mzima sasa na nimepokea habari za misiba kwa simu mara nyingi, lakini sijapata kuona uso uliokata tamaa kama ule.

Haikupita muda, kamati ya michezo ikaanza kumpima, maana matokeo yalikuwa mabaya mno. Wakaita wachezaji mmoja mmoja. Nilikuta watu watatu mezani, na aliyeongoza alikuwa mkuu wa michezo, mama mmoja wa heshima aitwaye Helen. Akauliza kama kocha bado anafundisha vizuri, kama tunajiona salama chini yake. Lile neno, salama, ndilo lililonivunja. Nilimwona yule mama wa Bathurst na kigari chake. Nikawaambia juu ya macho.

Wakatazamana. Nikaona shauri limekatwa hapo hapo, kabla sijafunga mdomo. Nikasema naomba nieleze jambo jingine. Nikaanza kuwasimulia habari za baba, za koti, na ile safari ya theluji. Bi Helen alinisikiliza kwa muda, akaweka kalamu chini. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali.

"Hayo ni mazuri sana," alisema, "lakini sisi hatuna pa kuyaweka."

Nikatoka. Siku chache baadaye ikatangazwa kuwa Kocha Raymond amestaafu ili apumzike. Tukaitwa ukumbini kula keki. Alivaa suti, akapita kwenye mstari akitushika mkono mmoja mmoja, na kila mmoja wetu akimtajia jina lake. Alipofika kwangu sauti haikunitoka. Nilinyoosha mkono tu. Akapita, akaenda kwa mtu wa pili. Mpaka leo sijui kama hakuniona, au alinitambua akakataa mkono wangu. Nimelala na swali hilo, nimezeeka nalo.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaenda alikokuwa akiishi, nikaambiwa bintiye amekuja kumchukua. Nilikuwa nimeshaoa niliposikia kuwa amefariki huko huko mbali. Kocha aliyekuja baada yake alikuwa kijana hodari na timu ikaanza kushinda. Kwa hiyo kamati haikukosea. Hata mimi, nikirudishwa kwenye kiti kile leo, ningesema yale yale, maana mtoto wa watu ni mtoto. Hapo ndipo pananiuma. Nimetafuta kosa langu ili nitubu nipumzike, nikakosa hata kosa la kutubia. Alihukumiwa kwa haki, na haki ile ikamla mzima mzima, mema na mabaya yake pamoja.

Sasa nisikilize, hata kama utanijibu kwa Kiingereza.

Kabla hujaketi mbele ya kamati yenu, nenda kamwone kocha wako. Mwambie ana kwa ana unachokiona kimepungua, kungali mapema, ukweli ungali dawa. Ukweli ukichelewa huwa shoka, na shoka halichagui kati ya tawi bovu na lenye matunda. Ukikuta kuna hatari kwa watu, usifiche, hata kama mtu huyo alikubeba mgongoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo chenyewe pengine kitamwendea asiyehusika. Lakini ukiingia mle ndani, anza na mema yake. Yaseme kwanza, yaseme kwa jina la mtu na kwa tukio, masikio yao yakiwa bado wazi, kwa maana wakishapata walichokuwa wakikitafuta hawatasikia tena. Wakikwambia hawana pa kuyaweka, waombe waandike pembeni. Usitoke mpaka wameandika.

Na ukishasema kweli usitegemee kushukuriwa, wala usitegemee moyo wako utatulia. Utabeba tu. Wako watu wazima wengi katika mji huu, makanisani, misikitini, ndani ya mabasi, wanaobeba mizigo ya namna hiyo na huwajui.

Mungu akupe jicho la kumwona mtu kwa ukamilifu wake mahali ambapo wengine wanaona hesabu. Akupe ulimi usiokimbia kweli na usiokimbilia kuumiza. Na siku nguvu zako zitakapopungua, mwanangu, kwa maana zitapungua, akujalie wakupime watu waliowahi kutembea nawe, na mmoja wao akushike mkono kabla hujapita. Amina.