Ini Haikukuwa Kuume

Leo nimefungua tumbo ya muntu, sikukuta ini.

Asubuhi nilikuwa nabishana na benzangu hapa hospitali: mimi nimemaliza masomo ya upasuaji, kwenda tena kusomea ini peke yake ni ya nini?

Saa ileile bakaleta Maman mumoja, muuzaji wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale mupakani. Apendisi imepasuka.

Nikasikiliza moyo kushoto: kimya. Nikasema ni makelele ya bantu ndiyo inanizuia kusikia.

Mbele ya kulala na dawa ya usingizi akaniambia: "Docteur, munitafute muzuri mule ndani."

Tukacheka.

Mukono yangu ikaenda kuume. Apendisi hakuna, na juu yake hata ini hakuna. Iko kushoto! Vyote vimegeuka, kama muntu wa ndani ya kioo. Nikazunguka meza, nikatoa apendisi kushoto.

Ameamuka salama. Swali yake ya kwanza: "Mulinipata?"

Mungesema nini, bandugu? Mimi nilishika mukono yake, nikaiweka kuume ya kifua, pale moyo yake inapiga.